Barua ya Mama Yako Niliyoichapisha

Shule ya Kati,
Sanduku la Posta, Kiomboi,
Jimbo la Kati.
21 Septemba, 1957

Mpendwa Kaka Ezekieli,

Shikamoo, kaka. Habari za huko Korogwe? Ile homa iliyokushika mwezi wa sita imekuacha kabisa? Na kidole kilichobanwa na mashine ya mkonge, kimepona au bado kinakuuma asubuhi ukishika kazi? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula na darasani sijambo. Moyo tu ndio haujatulia, na sababu yake utaiona mbele.

Nyumbani kwetu Nduguti, baba yangu na mama aliyenizaa wanakusalimu. Uwele tulipata wa kutosha ingawa ndege walitusumbua sana. Dada Klara amejifungua mtoto wa kiume mwezi wa saba. Ng'ombe wameteremshwa mbuga ya Wembere kutafuta majani, kwa sababu huku juu kumebaki vumbi na upepo. Upepo wa mwaka huu umeng'oa mabati mawili ya bweni letu.

Barua yako ya tarehe 4 Agosti niliipata. Naomba radhi kwa kukaa nayo zaidi ya mwezi bila kukujibu. Uliniuliza, "Mama anaumwa? Uliniambia anajifunza kuandika, mbona kimya?" Kaka, mama yako, ambaye nami namwita mama tangu nije hapa Kiomboi, hajaugua. Analima, anateka maji, Jumapili yuko kanisani. Na barua alikuandikia, kwa mkono wake mwenyewe, tangu mwezi wa sita. Hukuipata kwa sababu yangu. Nimeanza kukueleza jambo hili mara tatu na mara tatu nimechana karatasi. Leo sitachana.

Unajua kwamba mwanzoni mwa mwaka nilichaguliwa mhariri mkuu wa gazeti la wanafunzi, lile tunaloliita Kengele. Mhariri wangu msaidizi ni Bonifasi, kijana wa Manyoni, mtu wa maneno machache mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Mwaka jana gazeti lilitoka mara mbili tu, na nakala nyingi zikaishia sokoni kwa akina mama wauza karanga. Mwalimu Anselm, ambaye ndiye mlezi wetu, alituita siku ya kwanza akatuuliza, "Msomaji wenu ni nani? Karanga?" Tukacheka. Kisha akatuambia tukae tuandike malengo, ili mwisho wa mwaka tuweze kusema kama tumepanda au tumeshuka.

Tulikaa alasiri nzima. Gazeti litoke kila mwezi, tarehe ya kwanza, bila kukosa. Lisomwe nje ya shule, wazazi nao walishike mikononi. Kiswahili chake kiwe safi, bila makosa. Lengo la nne nilililazimisha mimi: kila toleo liwe na kitu cha kuchekesha. Bonifasi aliyaandika kwenye kifuniko cha boksi, tukakitundika ukutani juu ya mashine yetu ya kuchapia, ile ya kuzungusha kwa mkono tuliyopewa na misioni. Kaka, siwezi kukuficha, nilikipenda kile kifuniko. Kila nikiingia chumbani nilikitazama kwanza, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Na kwa kweli tulipanda. Toleo la Februari lilitoka siku yake, la Machi vilevile. Yunisi, mke wa Mwalimu Anselm, anafundisha kina mama kusoma kila Jumatano na Ijumaa mchana katika jengo la kanisa, na vitabu ni vichache. Akaomba apewe nakala kumi za Kengele ili wanafunzi wake wasomee. Tulifurahi kupita kiasi. Lengo la pili lilikuwa limetimia hata mwaka haujafika nusu. Mama yako alikuwa katika darasa hilo. Nilimwona akishika gazeti langu kwa mikono miwili, akinitazama kwa furaha.

Ukurasa wa kuchekesha niliuita Tucheke Kidogo. Mwezi wa tano nilichapa makosa ya Kiswahili ya watoto wa darasa la tano, na shule nzima ikacheka. Watu wakaanza kuniuliza njiani, "Mhariri, mwezi huu una nini?" Swali hilo lilinilewesha. Mwezi wa sita ukafika katikati na sikuwa na kitu.

Jumamosi moja nilikwenda kwa mama kama kawaida. Unajua tangu nije shule hii ndiye anayenilisha kila mwisho wa juma, na ndiye anayeshona kaptula zangu. Baada ya kula aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Meliki, hii ni ya kaka yako. Nimeiandika siku tatu. Uitie kwenye bahasha, uiandike anwani, uipeleke posta." Nikamwuliza, "Nikusahihishie, mama?" Akasema, "Hapana. Ipeleke hivyo hivyo."

Sikuipeleka posta. Niliifungua njiani nikaisoma, nikacheka peke yangu. Si kwamba nilimdharau, au ndivyo nilivyojiambia. Nilicheka jinsi alivyoandika *mukono* na *mutu*, na ng'ombe aliyeitwa *ile*. Nikaona ukurasa wangu umepatikana.

Nilipoanza kuinakili chumbani kwetu, Bonifasi alisimama nyuma yangu akasoma.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya mama mmoja hapa kijijini."

"Amekubali?"

"Jina sitaliweka," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Yeye mwenyewe atajua," akasema Bonifasi.

Nikamwonyesha kile kifuniko ukutani. Nikamwambia lengo la nne ni lengo kama mengine, na la tatu linatutaka tuwafundishe watu Kiswahili safi, na watu wanajifunza upesi wakionyeshwa makosa. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu siku ile. Bonifasi akarudi kukata karatasi. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu.

Jambo jingine, kaka, na hili ndilo gumu zaidi kuliandika. Barua ya mama niliiona haichekeshi vya kutosha. Ilikuwa na makosa, lakini ilikuwa barua ya mtu mwenye akili. Basi nikaongeza sentensi yangu mwishoni, kwamba mbuzi nayo inakusalimu sana na inauliza utarudi lini. Juu yake nikaandika kichwa cha habari: Kiswahili cha Porini.

Wakati wa kuchapa, wino ulimwagika mezani ukaingia kwenye pembe ya barua yake. Nikaona aibu kukutumia karatasi yenye doa. Nikasema nitaitafutia njia. Nikaitia ndani ya sanduku langu chini ya nguo. Jumamosi iliyofuata mama akaniuliza, "Umeipeleka?" Nikasema, "Nimeipeleka, mama." Na Jumamosi nyingine akauliza, "Ezekieli hajajibu?" Nikasema posta ya Tanga huchelewa.

Tarehe 1 Julai gazeti likatoka. Shule ilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Kulikuwa na vijana wakiitana bwenini, "Mbuzi nayo inakusalimu!" Na Jumatano ya juma lile, Mwalimu Anselm akatutuma mimi na Bonifasi twende darasa la kina mama tukaone wanavyolisoma, ili tujue maandishi yetu ni mepesi au mazito kwao. Nilikwenda nikiomba Mungu wasome ukurasa wa kwanza, wenye habari za kilimo cha matuta na mnada wa ng'ombe.

Walikuwa kina mama kumi na wawili kwenye mabenchi ya kanisa, wengine na watoto mgongoni. Yunisi hakuwa amepata nafasi ya kulipitia gazeti. Alisema tu, "Leo tuanze na kitu chepesi, tuchangamke," akawafungulisha ukurasa wa Tucheke Kidogo. Halafu akamchagua anayesoma vizuri kuliko wote. Akasema, "Mama Ezekieli, simama utusomee."

Mama akasimama. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Ki-swa-hi-li cha Po-ri-ni." Kina mama wakaanza kucheka. Naye akatabasamu, maana hakujua. Akaendelea. "Mwa-na-ngu. Mi-mi ma-ma ya-ko na-a-ndi-ka na mu-ko-no ya-ngu." Wakacheka zaidi. Mmoja akasema kwa Kinyiramba, "Maskini, huyu katoka wapi?"

Hapo mama akaacha kusoma. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakiona kidole chake kikirudi nyuma kwenye mstari, kikaanza tena pole pole. Nilijua kwamba amejua. Nilikuwa na nafasi, kaka. Ningeweza kusema neno lolote, hata kusema tuache ukurasa huu. Nilitazama viatu vya Bonifasi.

Mama hakukaa chini. Alisoma yote. Alisoma *mutu hakunisaidia*, akasoma habari za ng'ombe wa mabaka aliyezaa, akasoma habari za mgongo wake. Sauti yake haikutetemeka, ila ilizidi kuwa ndogo. Alipofika kwenye mbuzi alisimama, akarudia kimya kimya, kisha akasoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho. Wakati huo wenzake walikuwa wameshaacha kucheka mmoja mmoja, kwa sababu ng'ombe wa mabaka wa Mama Ezekieli kila mtu anamjua. Akalikunja gazeti, akaliweka kwenye benchi, akaaga, "Mwalimu, kwaheri," akatoka kwa kupitia mlangoni niliposimama. Hakunitazama.

Ijumaa hakwenda darasani. Na si yeye peke yake. Kati ya kumi na wawili walifika watatu. Wengine walimwambia Yunisi kwamba wanaogopa kuandika, maana mtu akiandika atachekwa na shule nzima.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilizunguka zizi mara mbili kabla ya kupiga hodi. Nilidhani atanifokea, na nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Hakunifokea. Alinikaribisha kama mgeni, kaka. Alinitolea kile kigoda cha wageni, akaninawisha mikono, akaniwekea ugali na mlenda kwenye sahani ya maua ambayo hutolewa mchungaji akija. Mimi ambaye siku zote najipakulia mwenyewe chunguni! Kisha akakaa mbali akipeta uwele.

Nikasema, "Mama, nimekukosea."

Akasema, "Kula kwanza."

Nikasema siwezi kula. Akaweka ungo chini. Akaniambia, "Maneno yale ni yangu. Mukono ni wangu, nimekosea, sawa. Ng'ombe ni wangu. Lakini yale ya mbuzi sikuandika mimi. Yale ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Kwa nini?"

Kaka, nilitafuta jibu na sikupata. Mimi niliyekuwa na jibu kwa Bonifasi kwa kila kitu. Nikasema tu, "Ili wacheke."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na Ezekieli," akasema, "amecheka?"

Ndipo nikamwambia kwamba wewe hujaisoma, kwamba barua iko sandukuni mwangu, na kwamba nilimdanganya habari za posta. Kuhusu gazeti alikuwa amestahimili. Kwa hili alilia. Alilia bila sauti, akijifuta kwa pindo la kanga, akasema, "Majuma yote haya nimekaa nikidhani mwanangu ameiona akanionea haya."

Sitaki kukuongezea maneno hapo.

Nilirudi shuleni nikamweleza Mwalimu Anselm kila kitu. Nilitegemea fimbo, na nadhani ningeipokea kwa furaha. Hakunichapa. Alinichukua mpaka chumba cha gazeti, akasimama mbele ya kile kifuniko, akaniambia nisome malengo kwa sauti. Nikasoma. Akauliza, "Siku ya Jumatano, lipi halikutimia?" Nikatazama. Gazeti lilitoka tarehe yake. Lilisomwa nje ya shule. Lilikemea makosa ya Kiswahili. Lilichekesha. Nikasema, "Yote yalitimia, mwalimu." Akasema, "Basi kaeni muandike tena," akaniacha pale.

Nilimwomba Bonifasi awe mkuu, akakubali bila maneno mengi. Mimi sasa nazungusha mashine na kukata karatasi. Tulikaa kuandika malengo mapya, nami nikaja na orodha ndefu ya mambo kumi na moja, maana nilitaka kujitakasa kwa wingi. Bonifasi akaisoma akairudisha. Akasema, "Tuandike moja. Tukiliweza, tutaongeza." Akageuza kifuniko upande wa nyuma akaandika: Neno la mtu lisichapwe mpaka mwenyewe aridhie, wala lisiongezwe. Tangu hapo kila mwenye habari anasomewa habari yake kabla haijachapwa. Gazeti la Agosti lilichelewa siku tisa kwa sababu hiyo. Tulimfuata mzee mmoja mpaka karibu na Ziwa Kitangiri kumsomea mistari minne, akabadili mmoja, tukarudi.

Niliuliza kama nichape maneno ya kuomba radhi. Mama alikataa. Alisema, "Utawakumbusha." Basi nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale kina mama wanane wengine walioacha darasa, na Yunisi akinisindikiza, nikawaambia kwa mdomo wangu kwamba aliyekosa ni mimi na si mwandishi wa barua ile. Wengine walinihurumia, mmoja alinifungia mlango. Mpaka leo wamerudi darasani watano. Mama hajarudi, na mimi simwombi, kwa sababu sioni kama nina haki ya kumwomba.

Juma lililopita alinidai barua yake. Nikampelekea, na doa lake. Akaisoma yote mbele yangu, midomo ikicheza. Nikadhani ataitupa, au ataiandika upya. Akaikunja, akanipa, akasema, "Sasa ipeleke. Usiguse kitu." Ndiyo hiyo ndani ya bahasha hii, kaka. Doa la wino ni langu. Mengine yote ni yake, wala mbuzi hayumo. Sikuweka maneno yake mengine humu kwa sababu nimeshayasema mara moja mahali yasipostahili. Yasome mwenyewe.

Ukimjibu, tafadhali andika herufi kubwa zilizoachana, na bahasha iwe na jina lake. Mwalimu Anselm atamkabidhi mkononi. Nimeomba isipitie kwangu. Kama una neno la kuniambia mimi, hata likiwa kali, niandikie mbali. Nitalipokea.

Salamu zikufikie kutoka kwa baba na mama wa Nduguti, Klara na mtoto wake, na Mwalimu Anselm na Yunisi ambao wanakujua kwa jina. Bonifasi naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Wasalimie Wanyiramba wenzetu wote wa kambini.

Leo ni Jumamosi na nimetoka kwa mama sasa hivi. Nilipokaribia nilimsikia ndani akisoma kitabu cha nyimbo, silabi moja moja, akikosea na kurudia. Akisikia miguu yangu hukifunga. Basi nilisimama nje kwenye upepo, karibu na zizi, mpaka alipomaliza ubeti wote na mwingine tena, ndipo nikapiga hodi.

Mungu akulinde mikono kwenye mashine zile, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Melkizedeki